PS4 yako inanguruma na kustaki? Fanya haya kabla hujaiuza

Mdogo wangu aliuza PS4 yake kwa bei ya kutupa sababu ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga, af kila baada ya nusu saa inazima. Jamaa aliyeinunua akaifungua tu, akapuliza vumbi, akabadilisha pesti, na mpaka leo iko kwenye banda lake la gemu inapiga kazi toka asubuhi. Iliniuma sana. Kwa hiyo kama mashine yako imeanza kusumbua na unajiuliza ununue nyingine sahivi au uvumilie kwanza, soma hii.

PS4 zilianza kutoka 2013, nyingi zilizopo mtaani ni za mkono wa pili au wa tatu, ni lazima zichoke. Ila hazichoki mwili mzima kwa pamoja. Kinachotakiwa ni ujue umechoka upande gani.

Ikiwa shida ni kelele na joto, na inakuandikia kwenye skrini kwamba imechemka af inazima, mara nyingi hapo ni vumbi na pesti. Ile pesti inayokaa kati ya prosesa na chuma cha kupozea ikikauka inakuwa kama chaki, joto halipiti tena, feni inabaki inakimbia kwa nguvu zote na mashine haipoi. Mtafute fundi anayezijua PS kweli, sababu skrubu zake ni za nyota na zinataka bisibisi yake, siyo mtu alazimishe kwa kisu. Mwambie akipuliza aishike feni isizunguke ovyo. Ukirudi nayo nyumbani usiichomeke kule kwenye kabati la TV lililofungwa, na vile vitambaa vya kufuma mama anavyotandika viondoe chini yake, vinaziba hewa.

Ikiwa haichemki ila ni nzito, gemu inachukua muda kufunguka, menyu zinastaki, basi muangalie diski. Anza na la bure: izime kabisa, bonyeza batani ya kuwashia usiiachie mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde 7 hivi, chomeka pedi kwa waya, af chagua namba 5, Rebuild Database. Hiyo inapanga upya orodha ya vitu vyako na haifuti gemu. Namba 7 usiiguse kama hujui unachofanya, inafuta kila kitu.

Ikigoma bado, badilisha diski yenyewe. PS4 inatumia diski ndogo ya inchi 2.5 kama za laptop, na inapokea SSD, yaani diski ya kisasa yenye kasi, bila ubishi. Utahitaji flashi yenye faili zima la sistimu kutoka tovuti ya PlayStation, uliweke ndani ya folda inayoitwa UPDATE iliyo ndani ya folda inayoitwa PS4, herufi kubwa zote. Mimi ningeanza na hili kabla ya kufikiria mashine mpya, sababu diski iliyochoka inafanya mashine nzima ionekane imekufa.

Sasa ile taa ya bluu inayopepesa bila kwenda nyeupe, hapo nenda taratibu. Inaweza kuwa diski, pawa saplai au HDMI, pale unapochomeka waya wa picha wa TV, na hivyo vyote vinatengenezeka, lakini inaweza pia kuwa prosesa imeachia kwenye bodi. Fundi akikwambia ataipasha bodi moto ili prosesa ishike tena, jua inaweza kurudi wiki mbili tu na ikaondoka tena, hela hiyo bora uiweke. Kipimo changu ni hiki, matengenezo yakizidi nusu ya bei ya PS4 iliyotumika iliyo nzima, achana nayo.

Na kama umeshaona inaelekea kufa usisubiri ife! Ingali inawaka, ingia Settings, sehemu ya Application Saved Data Management, kopi sevu zako zote kwenye flashi. Kuna watu wamepoteza karia za miaka kwenye gemu zao kwa kusema nitafanya kesho, umeme ukakatika na kurudi kwa kishindo, ikawa ndo mwisho.

Mwenye banda hesabu yake ni tofauti, kila saa mashine imezima ni hela ya wateja imepotea, kwa hiyo yeye kubadilisha mapema inaweza kumlipa. Ila ukienda PS5 kumbuka pedi za PS4 hazichezi gemu za PS5, unanunua pedi upya zote, na chukua yenye sehemu ya CD la sivyo CD zako za PS4 zitakaa kabatini. Kwa anayecheza mpira tu nyumbani sioni haraka, maana hata EA Sports FC 26 ya 2025 ilitoka na toleo la PS4. Anayeisubiri gemu ya GTA VI ndo hana njia, hiyo imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series tu, kwa hiyo hela ya kukarabati PS4 aanze kuiweka huko.

Ukinunua iliyotumika usikubali kuoneshwa menyu ukaridhika. Weka CD, cheza saa nzima palepale dukani, tikisa kidogo waya wa HDMI uone kama picha inakatika, na sikiliza feni.