PS2 haionyeshi picha kwenye TV ya flati? Anza na kiboksi
Wenye mabanda ya gemu hapa Dodoma, TV za chogo zinaisha na PS2 nyingi sasa zinapitia kiboksi cha HDMI. Skrini ikibaki nyeusi, msikimbilie kwa fundi. Soma kwanza maandishi ya juu ya kiboksi: kinachotakiwa ni AV2HDMI, yaani kinachopokea AV (waya wa njano, nyeupe na nyekundu wa PS2) na kutoa HDMI ya kwenda kwenye TV. HDMI2AV kinafanya kazi ya kinyume, na viwili hivi vinafanana mno, vyote vina matundu ya njano, nyeupe na nyekundu. Pale soko la Majengo, fungueni boksi mhakikishe kabla ya kulipa.

Halafu umeme. Kiboksi kinataka volti 5, na USB ya TV mara nyingine haitoshi, picha inakatikakatika. Kichomekeni kwenye chaja ya simu.

Wanaotumia waya wa komponenti (kijani, bluu, nyekundu), hapa ndipo watu wanapoteza hela kununua waya mpya bure. Rangi zikichafuka au picha ikigoma kabisa, rudisha waya wa njano kwanza ili uione menyu. Ingia System Configuration, kisha Component Video Out, utoe RGB uweke Y Cb/Pb Cr/Pr. Ndiyo urudishe komponenti. Picha ikiwa nyeusi na nyeupe tupu, angalia kama waya wa njano haujaingia tundu la kijani.

Ile swichi ya 720p na 1080p pembeni ya kiboksi inabadilisha picha inayotoka kwenda kwenye TV tu. Picha inayotoka PS2 haiigusi.