Ukiambiwa “pick up”, sikiliza kinachofuata

Sisi tuliokulia Dodoma tunalijua neno hili tangu utotoni, ila kama gari: pikapu inayoingia mjini kutoka Makutupora na kreti za zabibu. Ukifika Marekani au Uingereza unalikuta ni kitenzi, na kila unapolisikia lina kazi nyingine.

Mimi lilinikwaza kazini, wiki za mwanzo. Msimamizi aliniuliza, “Can you pick up Saturday?” Nikaitikia. Nilidhani kuna mgeni wa kupokelewa Jumamosi na kwamba nitaelezwa baadaye. Kumbe aliuliza kama naweza kuchukua zamu ya ziada siku hiyo. Sikwenda, nikaandikiwa utoro. Kwa hiyo ninyi mnaolea wazee, mnaofanya kazi hospitalini au maghalani, anzeni na maana hii kabla ya nyingine zote, kwa sababu inagusa mshahara. Kama hujaelewa, uliza hapohapo: “You mean, work the shift?”

Maana mbili zinazofuata tunazo tayari. Mgeni akishuka stendi ya Nane Nane au akifika na treni ya SGR, tunakwenda kumpokea. Simu ikiita, tunaipokea. Kiingereza nacho huyabeba yote mawili kwa “pick up”. Mtu akisema “Pick up!” tu, bila kutaja kitu, mara nyingi anataka upokee simu. Rafiki akikuambia “I'll pick you up at eight”, atakupitia, na hiyo eight ni saa mbili yetu. Barua ya shule ikitaja “pick-up time”, ni saa ya kuwachukua watoto. Iheshimu sana: vituo vingi vya kulelea watoto humtoza faini mzazi anayechelewa.

Famasi wakikuandikia kwamba dawa ziko tayari kwa “pick-up”, nenda ukazichukue. “Pick up some milk” ni kupitia dukani kununua maziwa. “She picked up a cold”, kashikwa na mafua. “Business is picking up”, biashara imeanza kuchangamka. Na ukiulizwa “Where did you pick up English?”, wanataka kujua ulikiokota wapi, kama mtoto wa mfanyakazi aliyehamia Dodoma anavyookota Kigogo kwa wenzake mtaani.

Wingi huu usiwatishe. Anayejifunza Kiswahili naye hukutana na kupiga: kupiga simu, kupiga pasi, kupiga kura, kupiga mswaki. Hatumfundishi kupiga peke yake, tunamfundisha pamoja na mwenzake. Nanyi daftarini andikeni “pick up a shift”, “pick up the kids”, msiandike “pick up” kavu.

Mpangilio nao una sheria. Unaweza kusema “pick up the box” au “pick the box up”, yote sawa. Lakini me, him, her, it na them hukaa katikati tu: “pick it up”.

Msichanganye na “pick on”, ambayo ni kuonea. Mwanao akirudi shuleni akasema “they pick on me”, acha unachofanya, kaa naye akueleze yote, na kesho yake asubuhi nenda ukamwone mwalimu.