Kujitengenezea filta ya tanki la matumbawe hapa Nakuru, na kuijaribu stima ikiwa imezimwa

Naishi ghorofa ya pili, tanki langu la maji ya chumvi, la kufuga samaki na matumbawe, liko sebuleni na filta yote iko kwa kabati chini yake. Siku ya tatu baada ya kufunga kila kitu stima ikapotea saa nane usiku, nikasikia tp tp tp, kushuka kitandani nakanyaga maji. Lita kama 20 zilikuwa kwa sakafu, zingine zishapita chini ya mlango, na mama wa nyumba ya chini alikuwa ashapanda ngazi kugonga. Hakuna kitu kilikuwa kimepasuka, gundi haikuwa imeachia mahali popote. Shida ni moja tu, nilikuwa nimeijaribu hiyo mitambo ikiwa inafanya kazi, sikuwa nimeijaribu ikiwa imezimwa. Na hapa kwetu vile stima hupotea tunajua, kwa hivyo ukijenga filta yako anza kuwaza hapo.

Mpangilio wenyewe si mgumu. Tanki la juu lina tundu karibu na ukingo, maji yakifika hapo yanamwagika na bomba hadi tanki la chini. Tanki la chini limegawanywa vyumba vitatu na kuta za glasi, cha kwanza kinapokea maji kupitia pamba, cha pili kina skima, ile mashine ya kutoa uchafu kwa povu, cha tatu kina pampu inayorudisha maji juu. Basi. Langu la juu ni sentimita 90 kwa 45 kwa 50, hiyo ni lita 200 hivi, la chini ni 60 kwa 30 kwa 36, kama lita 65.

Kutoboa glasi mpelekee fundi wa vioo mwenye biti ya almasi, atoboe polepole huku maji yakimwagiwa hapo hapo. Lakini muulize kwanza kama glasi ni ile iliyoimarishwa kwa moto, kwa sababu hiyo haitobolewi, ukigusa na drili inavunjika yote vipande vipande. Kwa tundu weka tenki konekta, ile ile ya matangi ya maji, hadiwea yoyote iko nayo. Usichukue ya shaba. Shaba ikiyeyuka kidogo tu kwa maji ya chumvi inaua kamba, konokono na matumbawe yenyewe, kwa hivyo kila kitu kinachogusa maji kiwe plastiki, na klampu za chuma pia ziache huko dukani.

Silikoni chukua ile safi ya glasi, ile ikikauka inanuka siki. Ile ya bafuni iliyoandikwa inazuia ukungu usiiguse, dawa inayoua ukungu itaua na viumbe vyako pia. Kuta za ndani zipake, kisha uache siku 2 bila kujaribu, mimi kwa tanki lenyewe naacha wiki nzima hadi harufu ya siki iishe kabisa.

Pamba ya kuchuja uchafu ni ile nyeupe ya kujaza mito, inauzwa kwa wanaoshona viti, hakikisha haina dawa ya kuzuia moto na haijatiwa rangi. Ioshe au uibadilishe kila baada ya siku 2 au 3, ukiiacha wiki mbili ule uchafu unaozea pale pale na filta yako inageuka kiwanda cha nitrati, yale mabaki ya uchafu uliooza.

Sasa turudi kwa ile mafuriko maana hapa ndipo watu wengi tunapotea. Pampu ikizima, vitu viwili vinatokea pamoja. Maji ya juu yanaendelea kumwagika hadi yafike chini ya ukingo wa tundu, na lile bomba la kurudisha maji linaanza kunyonya kinyume, linavuta maji kutoka juu kuyarudisha chini, na haliachi hadi mdomo wake uone hewa. Mdomo wangu ulikuwa umezama sentimita 10. Chukua 90 mara 45, kila sentimita moja ya tanki la juu ni lita 4 na kidogo, kwa hivyo lita 40 zilishuka. Kule chini nilikuwa nimeacha nafasi ya sentimita 11, yaani lita 20. Zile 20 zingine ndizo mama wa chini alikuja kuniuliza.

Nilirekebisha hivi: mdomo wa bomba nikaupandisha ukazama sentimita 3 peke yake, na kwa hilo bomba nikatoboa tundu la milimita 6 karibu kabisa na uso wa maji ili livute hewa haraka. Hilo tundu lisikupe usingizi lakini, mwani unaziba, konokono anaingia, mimi nililikuta limeziba baada ya mwezi mmoja. Kwa hivyo fanya hesabu kama vile tundu halipo. Kuta za tanki la chini nikaziondoa nikaweka zingine fupi za sentimita 20, ikabaki nafasi ya sentimita 16, karibu lita 29. Sasa stima ikipotea zinashuka kama lita 12 za tanki na lita 2 zilizo ndani ya mabomba, maji ya chini yanapanda sentimita 8 hivi yanasimama kwa 28. Weka tepu nje ya glasi kwa hicho kimo.

Jaribu na maji ya kawaida ya mfereji, bila chumvi, bila mawe, bila chochote. Panga magazeti makavu chini ya kila kiungo, jaza, washa, acha siku nzima usiku na mchana, tone moja likidondoka gazeti litakuonyesha hata kama lilikauka ukiwa kazini. Halafu zima kwa ukuta. Usizime kwa upole kwa valvu, zima swichi vile stima hupotea, ngoja hadi maji yatulie, angalia tepu, washa tena. Fanya hivyo mara 10. Kuna bomba linaweza kufanya vizuri mara 6 na mara ya saba likashika hewa maji yakapanda, kwa hivyo usijaribu mara moja ukaridhika.

Kuna jaribio lingine kinyume cha hilo na wengi hawalifanyi, ziba tundu la juu na kitambaa pampu ikiwa imewaka. Siku moja konokono atakaa hapo. Pampu itaendelea kusukuma hadi chumba chake kikauke, na swali ni kama hayo maji yataenea juu bila kumwagika. Chumba changu cha pampu ni 20 kwa 30 kwa 20, lita 12, kwa hivyo juu yanapanda sentimita 3. Nimeacha nafasi ya 5 juu. Ukiona yako yanamwagika punguza ukubwa wa chumba cha pampu, usiongeze.

Nguvu ya pampu nayo usiamini karatasi ya boksi, ile namba ni ya pampu isiyopandisha maji. Peleka bomba kwa mtungi wa lita 20 ukiwa kwa kimo kile kile cha tanki, anza saa ya simu. Ukijaa kwa sekunde 72 hiyo ni lita 1,000 kwa saa. Kwa tanki la lita 200 mimi nataka kati ya 600 na 1,000, yaani mara 3 hadi 5 ya tanki. Pia dondosha rangi ya chakula matone mawili kwa kila chumba uone kama kuna kona maji hayafiki, yangu ilikuwepo moja nyuma ya skima, rangi ilikaa hapo dakika nzima, nikageuza elbo ikaisha.

Skima. Huyu ndiye moyo wa tanki la matumbawe na ndiye anafurahisha zaidi kutengeneza. Viputo vidogo vya hewa vinapopanda kwa maji ya chumvi, protini na mafuta ya kinyesi cha samaki vinashikana na ngozi ya kiputo, vinapanda navyo hadi juu vinatoka kama povu la kahawia, kabla hata havijaoza kuwa amonia. Mwili wangu ni paipu ya PVC ya inchi 4, urefu sentimita 50, chini nimefunga kifuniko. Maji machafu yanaingia karibu na juu, hewa inaingia chini, na maji safi yanatoka chini kupitia paipu ndogo inayopanda tena pembeni na ina bolu valvu, maji yanashuka huku viputo vinapanda ndio vikutane kwa muda mrefu. Juu kuna ridyusa ya inchi 4 kwenda 2, halafu kipande cha inchi 2 ndicho shingo, na kwa shingo nimevalisha kopo la siagi ya njugu lililotobolewa kitako na kuzibwa na silikoni. Povu linapanda shingo linamwagikia ndani ya kopo. Kipande cha kutoa viputo kiwe kile cha mbao, si cha jiwe, mbao inatoa viputo vidogo kama vumbi, ila kinachoka baada ya wiki kadhaa kwa hivyo nunua vitano mara moja.

Usijaribu skima na maji matamu ukafikiri haifanyi kazi. Kwa maji matamu viputo vinaungana vinakuwa vikubwa na povu halishiki. Kwa maji ya mfereji jaribu kuvuja tu. Ukishatia chumvi, rekebisha valvu hadi maji yasimame pale shingo inapoanzia, halafu uwe na subira, siku za kwanza skima mpya ina mafuta ya mikono na mabaki ya gundi, inaweza kukaa kimya au kutapika maji tupu kopo linajaa kwa saa moja. Yangu ilitulia baada ya siku 5. Povu zuri ni kama la chai iliyokolea, na harufu yake ni mbaya sana, hiyo harufu ndiyo ingebaki kwa tanki.

Na kwa sisi wa Nakuru skima ina kazi ya pili. Tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, msukumo wa hewa hapa ni kama asilimia 80 ya ule wa Mombasa, na oksijeni inayoweza kuingia kwa maji inapungua kwa kiasi hicho hicho. Samaki wa mwamba amezoea maji ya pwani. Kwa hivyo skima ikizima usiku tanki letu linachoka haraka kuliko la mtu wa Nyali kule Mombasa. Mimi nina pampu ya hewa ndogo ya USB ya wati 1.5 kwa pawabanki ya 10,000 mAh, inanifikisha kama saa 18. Jaribu yako usiku mzima kabla ya kuitegemea, kuna pawabanki zikiona mzigo ni mdogo zinajizima zenyewe. Pampu ya hewa ikae juu kuliko maji, la sivyo ikizima maji yanarudi na mpira hadi ndani ya mashine. Na waya zote zishuke chini ya soketi kwanza ndio zipande, tone likifuata waya lidondoke sakafuni lisiingie kwa stima.

Maji ya kuchanganya chumvi ni shida yetu kubwa. Visima vingi vya hapa vina floraidi nyingi, tunaiona kwa meno. Tumia maji ya mashine ya RO, ile inayosukuma maji kupitia utando mwembamba unaozuia chumvi na floraidi. Kuna watu wataambia utumie mkaa wa mifupa kwa sababu unatoa floraidi kwa maji ya kunywa, na kweli unatoa, lakini mifupa ni kalsiamu na fosfeti, na fosfeti kwa tanki la matumbawe ni chakula cha mwani. Maji ya mvua ya mabati nayo yana zinki, yaache. Chumvi iwe ya matanki ya bahari, si ya jikoni, ile ya jikoni haina magnesi na kalsiamu ya kutosha na mara nyingi imeongezwa ayodini. Pima na refraktomita, kile kifaa cha kupima chumvi, lengo ni gramu 35 kwa kila kilo ya maji, joto 25. Baridi ya Julai hapa bila hita hufiki.

Mawe chukua yale makavu ya machimbo ya pwani, matumbawe ya kale yaliyokufa zamani, ndiyo hayo hayo wanajengea nyumba kule. Usimtume mtu avunje mwamba hai. Hifadhi za taifa za baharini za Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968 na hakuna kitu kinaruhusiwa kutoka humo.

Ukishatia chumvi na mawe, weka kipande cha nyama mbichi ya kamba wa baharini kama kidole gumba kioze humo, halafu pima amonia na nitriti kila siku ya pili na uandike. Amonia itapanda, kisha bakteria wa kwanza wataigeuza nitriti, wa pili watageuza nitriti kuwa nitrati. Inachukua wiki 4 hadi 6 na hakuna njia ya kuisukuma kwa kelele. Zote mbili zikisoma sifuri, ongeza kipande kingine kidogo. Amonia ikirudi sifuri upesi bila nitriti kuonekana, filta yako iko hai, badilisha nusu ya maji nitrati ishuke, kisha weka konokono wachache kwanza, samaki baadaye, matumbawe mwisho.

Chumba cha pampu ndicho kitapungua maji kila siku. Kinachopaa ni maji peke yake, chumvi inabaki, kwa hivyo ongeza maji matupu ya RO hadi kwa alama ya kawaida, kwangu sentimita 20, si ile tepu ya 28, usiongeze ya chumvi. Na usipitishe alama hata kidogo, zile sentimita 16 za juu ni za ile siku stima itapotea. Ukiongeza jiwe, ukibadilisha pampu, hata ukisogeza mdomo wa bomba kidogo tu, zima kwa ukuta tena uangalie tepu.