Kukagua kiraka kidogo hatua kwa hatua

Kiraka (patch, yaani badiliko la msimbo linalopendekezwa) cha mstari mmoja ndicho hupitishwa bila kusomwa. Tuchukue mfano. Skripti ya `hesabu.sh` inahesabu mistari ya faili, na mtumiaji analalamika kwamba mstari wa mwisho hupotea. Ombi la kuunganisha (pull request) namba 214 kwenye GitHub linabadilisha hivi:

`- while read -r mstari; do`
`+ while read -r mstari || [ -n "$mstari" ]; do`

1. Anza na ripoti ya hitilafu. Ukianza na msimbo, utapima uzuri wa mabadiliko tu, usijue kama yanatibu kilicholalamikiwa.

2. Izalishe hitilafu kwenye tawi kuu.

`git switch main`
`printf 'moja\nmbili' > bila.txt`
`./hesabu.sh bila.txt`

Lazima upate 1. Usiliandike faili hilo kwa kihariri, maana vingi huongeza alama ya mstari mpya mwishoni vyenyewe, na hitilafu itajificha. Chanzo ni kwamba `read` ikifika mwisho wa faili bila kukuta alama hiyo, hujaza kigeu lakini hurudisha jibu la kushindwa. Kitanzi kinakatika na mstari ukiwa tayari mkononi.

3. Leta tawi, usome tofauti.

`git fetch origin pull/214/head:kagua-214`
`git diff main...kagua-214`

Nukta ni tatu. Ukiweka mbili, kazi iliyoingia `main` baada ya tawi kuchepuka itaonekana kana kwamba kiraka kimeifuta. Na soma kabla ya kuendesha chochote: majaribio nayo ni msimbo wa mtu usiyemjua, na yataendeshwa kwa ruhusa zako.

4. Lione jaribio likishindwa. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi.

`git switch kagua-214`
`git restore --source=main hesabu.sh`
`./majaribio.sh`

Sasa jaribio ni jipya, skripti ni ya zamani. Jaribio likipita, halipimi kitu. Mara nyingi faili lake la mfano limeongezewa mstari mpya na kihariri kilekile tulichokikwepa hapo juu. Rudisha kwa `git restore hesabu.sh`, endesha tena, safari hii lipite.

5. Bana pembezoni, yaani jaribu hali zisizo za kawaida. Faili tupu litoe 0. Lenye alama mwishoni libaki 2, lisiwe 3. Kisha jaribu hili:

`printf 'moja\n   ' > nafasi.txt`

Jibu ni 1, ingawa mstari wa pili upo, una nafasi tupu. `read` hukata nafasi za mwanzo na mwisho, kigeu kinabaki kitupu, na `-n`, inayouliza kama kigeu kina kitu, inakataa. Kiraka kinahitaji `IFS=` mbele ya `read`, ili kuzuia ukataji huo. Malizia na `git grep -n 'while read'`, kwani kosa la aina hii huwa na ndugu zake kwenye faili nyingine.

6. Andika ulichoendesha na ulichopata. “Naona sawa” haimsaidii mtunzaji. Mfano: “`bila.txt`: 1 kwenye main, 2 kwenye tawi. `nafasi.txt`: bado 1; naomba `IFS=` na jaribio lake.” Yaliyo hiari, kama jina la kigeu, yaandike kuwa ni hiari.

Maswali ya wanachama

*Git inasema haioni `pull/214/head`. Nimekosea wapi?*
Huenda `origin` yako (hazina ambako Git inaleta msimbo) ni nakala yako binafsi ya mradi. Ongeza ya mradi wenyewe kwa `git remote add asili` na anwani yake, kisha lete kutoka `asili`. Kwenye GitLab njia ni `merge-requests/214/head`.

*Lakini hata `wc -l` inatoa 1 kwa `bila.txt`. Ni hitilafu kweli?*
Swali zuri. `wc -l` huhesabu alama za mstari mpya, na hapo ipo moja tu. Angalia maelezo ya zana yanaahidi nini. Yakiwa kimya, waulize watunzaji kwanza. Huo ni uamuzi wao, na msimbo usubiri.

*Kiraka kimepanga upya nafasi za faili zima, mabadiliko halisi siyaoni.*
Tumia `git diff -w main...kagua-214`. Kisha omba upangaji huo utolewe, uje kwenye ombi lake.