Kuwekea mwalo njia ambayo nahodha mgeni ataifuata bila kuuliza

Kwenye Ziwa Kyoga, Uganda, upepo huhamisha visiwa vya mafunjo, na njia iliyokuwa wazi jana leo imezibwa. Sehemu kubwa ya ziwa hilo haifiki mita 6, hivyo kukwama ni jambo la kawaida. Kazi ya kuweka alama za njia ya kuingia mwaloni, yaani mahali boti zinapotia nanga, ianze na upondo, mti mrefu wa kusukumia mtumbwi.

Uchore mistari kila sentimita 10, uingie na mtumbwi mwepesi wakati maji yamepungua, upime kila baada ya mita 10. Kisha pakia boti mzigo wake wa siku ya soko (boti tupu itakudanganya) na upime kutoka usawa wa maji hadi ncha ya chini ya panga la injini. Ongeza sentimita 30. Panga likifika sentimita 70, unatafuta kina cha mita 1 kamili. Upana uwe mara nne ya upana wa boti ili mbili zipishane, na kwenye kona uzidi hapo, maana boti ikikata kona tezi, yaani sehemu yake ya nyuma, hutupwa nje.

Alama bora kuliko zote ziko nchi kavu: nguzo mbili kwenye mstari mmoja na njia, ya mbele fupi, ya nyuma ndefu. Gugu maji haliwezi kuziburuta. Nahodha akiziona zimepandana, yuko katikati ya njia. Ya mbele ikihamia kushoto, naye aende kushoto; aifuate hiyo tu. Wengi hukosea kwa kuzisimamisha karibu mno. Boti ikiwa mita 500 kutoka nguzo ya mbele na imetoka mita 5 pembeni, nguzo zilizoachana mita 10 zitaonyesha tofauti ya sentimita 10 tu, na kwa umbali huo jicho halitaiona. Ziachanishe mita 50, tofauti inakuwa karibu nusu mita. Usiku tundika taa juu ya kila nguzo.

Maboya yabaki kwa kingo na kona. Jerikani ya manjano ya lita 20 inafaa, ila wavuvi nao hufungia nyavu zao jerikani hizohizo, kwa hiyo lazima ipakwe rangi: ukiingia mwaloni nyekundu iwe kushoto, kijani kulia, kama ilivyo desturi ya Afrika. Kwa nanga, kata mdomo wa jerikani nyingine uijaze zege. Utapata karibu kilo 48, ambazo majini huvuta kama kilo 28. Boya likizamishwa huinua takriban 19, kwa hiyo nanga haing'oki. Gunia la mchanga huoza na kumwaga.

Kamba ndiyo inayoharibu kazi. Kwenye kina cha mita 4, kamba ya mita 6 huliacha boya litangetange mita 4 na nusu kila upande, na ukingo uliouonyesha unakuwa uongo. Tumia mita 4 na nusu: kutangatanga kunashuka hadi mita 2 kila upande. Ziwa likipanda nusu mita, kamba imekaza. Irefushe kabla boya halijazama.

Gugu maji lisikatwe na kuachwa palepale, kwa kuwa vipande huchipua upya. Livute lote hadi nchi kavu, mbali na mawimbi. Kisiwa cha mafunjo kikipita, pima tena kwa upondo kabla ya kuamini boya lolote.