Namna ya Kutia Njumu za Shaba kwenye Mkoba wa Ukili

Mafundi wa Unguja wamezoea kupamba masanduku na milango kwa njumu za shaba, yaani mapambo ya madini yanayopachikwa. Kwenye mkoba, hata hivyo, ukili, yaani msuko wa majani makavu ya mkindu, hauvumilii nyundo, na kwa hiyo pambo hukamilishwa lote mbali na mkoba kabla ya kupachikwa.

Chagua mkoba uliosukwa kwa kubana. Kata umbo la ua kutoka bati jembamba la shaba nyeupe, ukiliachia ndimi mbili za kupenya. Lipashe moto hadi lipate wekundu hafifu ili lilainike, liache lipoe, kisha ligonge kwa nyuma juu ya ubao laini mpaka litune. Kingo zisugue kwa tupa bila haraka, kwani ukingo mkali hukata miyaa, yaani vipande vya majani vilivyosukwa, na hapo ndipo wengi huharibu kazi nzuri. Ling'arishe kwa ndimu na chumvi, lioshe na ulikaushe kabisa, maana ndimu ikibaki huacha doa la kijani.

Lowesha ukili kidogo, panua nafasi kati ya miyaa kwa shazia, yaani sindano kubwa ya kushonea, bila kuitoboa, pitisha ndimi, kisha zikunje kwa ndani juu ya kipande cha ngozi. Maua matatu karibu na mshikio yanatosha. Yakizidi, mkoba hulemea upande mmoja.