Mashindano ya gofu ya ridhaa: namna ya kumaliza jua halijazama

Jua letu halibembelezi mtu. Iwe Januari iwe Julai, saa kumi na mbili na kitu jioni limeshazama, na nusu saa baadaye huioni bendera ya shimo lililo mbele yako. Kule Scotland, mwezi Juni watu hucheza hadi saa nne usiku. Sisi wa huku pwani hatuna nafasi hiyo. Ndiyo maana nikiandaa mashindano ya wachezaji wa ridhaa, naishika saa kwanza. Zawadi, mahema na orodha ya wageni wa mfadhili vinafuata.

Gofu niliianza kwa kubeba mikoba, handikapu (mikwaju ya nafuu anayopewa mchezaji kulingana na uwezo wake) nikaipata baadaye, na sasa nipo kwenye kamati ya mashindano ya klabu. Popote niliposimama nimeona jambo lile lile: uwanja unakwama pale watu wasipojua kanuni. Anayeijua haki yake huamua papo hapo akapiga. Asiyeijua huitisha kikao katikati ya feawei (njia ya nyasi fupi iendayo shimoni), na nyuma yake vikundi vitatu vimeshika viuno.

Anza na ratiba, na usiidanganye

Tuseme umeandikisha wachezaji 100. Kwa wanne wanne, hivyo ni vikundi 25. Ukiachia kikundi kila baada ya dakika 10, toka cha kwanza hadi cha mwisho zinapita saa nne. Cha kwanza kikipiga saa 12:40 asubuhi, cha mwisho kinapiga saa 4:40, na kwa raundi (mashimo 18) ya saa nne na nusu kinamaliza saa 9:10 alasiri. Hapo umebakiwa na nafasi ya mvua, ya kuhesabu kadi za matokeo na ya hotuba.

Halafu mfadhili anapiga simu: ana wageni 40 zaidi. Ni vikundi 10, yaani dakika 100. Sasa wa mwisho wanamaliza saa 10:50, tena kama kila kitu kimekwenda sawa. Raundi ikivuta ikawa ya saa tano na nusu, unagusa saa 11:50 na watu bado wanaputi (wanausukuma mpira shimoni). Mwambie mfadhili ukweli mapema, na umwonyeshe hesabu hiyo kwenye karatasi.

Wengi hutafuta njia ya mkato: wanapunguza nafasi kati ya vikundi iwe dakika 7. Usifanye hivyo. Shimo la pa 4, yaani linalotarajiwa kumalizwa kwa mikwaju 4, linabeba vikundi viwili kwa wakati mmoja, kimoja kikiwa griini (kwenye nyasi laini zenye shimo) na kingine kinapiga toka tii (mahali pa kuanzia). Shimo la pa 3 linabeba kimoja tu. Wachezaji wanne wa ridhaa, toka mkwaju wa kwanza hadi bendera irudi shimoni, mara nyingi wanakula dakika 9 au 10. Ukiwaachia kila dakika 7, kila kikundi kinaongeza dakika 3 za kusubiri, na cha kumi kinakaa kwenye nyasi karibu nusu saa. Umeuziba uwanja mwenyewe tangu asubuhi, na hakuna mwangalizi atakayeuzibua.

Dawa ya pa 3 ni kuitana. Kikundi kikifika griini, kinaweka alama za mipira, kinasogea pembeni na kuwapungia mkono walio tii wapige. Hao wakiwa wanatembea, wa mbele wanaputi na kuondoka. Muda wa kutembea unakuwa umetumika mara mbili. Liandike hili kwenye masharti ya mashindano, na uweke mtu pale pa 3 ya kwanza kulisimamia.

Ukiamua wote waanze kwa pamoja kila kikundi kwenye shimo lake, watu watamaliza pamoja na chakula kitakuwa cha moto. Ila kikundi kimoja kizito kitawachelewesha wote, kwa hiyo wazito wanaojulikana usiwaweke pamoja.

Chagua Stableford

Mtindo huu wa kuhesabu pointi kwa kila shimo ulibuniwa na daktari Mwingereza, Frank Stableford, na ulichezwa Wallasey, Uingereza, mwaka 1932. Baada ya kuondoa handikapu, bogi (mkwaju mmoja juu ya pa) ina pointi 1, pa ina 2, bedi (mmoja chini ya pa) ina 3, igo (miwili chini) ina 4. Dabo bogi (miwili juu ya pa) au zaidi ni sifuri. Kwa mwendo wa mchezo sifuri hiyo ni hazina, kwa sababu inakuruhusu kuokota mpira.

Chukua shimo la pa 4 ambalo handikapu yako inakupa mkwaju 1. Ukimaliza kwa 6 una pointi 1. Ukishapiga mara 6 na mpira haujaingia, shimo hilo limekwisha kwako. Okota, uwasaidie wenzako kutafuta mipira yao, na uende tii inayofuata umetulia. Kila asubuhi nalirudia hili kwa sauti, kwa kuwa kuna mtu anayepiga mara ya 9, ya 10, ya 11 akiamini kuokota ni aibu. Si aibu hata kidogo. Ni heshima kwa wote waliolipa kiingilio.

Mfadhili akishikilia mikwaju yote ihesabiwe, kanuni zinaruhusu kuweka kikomo kwa kila shimo, mathalani dabo bogi baada ya handikapu. Tumia kikomo hicho.

Pale tii ya kwanza

Mwenye kuita vikundi aseme machache tu. Ukichelewa ndani ya dakika 5 ni mikwaju 2 ya adhabu. Ukizidisha dakika 5 umeondolewa. Fimbo zisizidi 14. Kila mtu auchore mpira wake alama na kuwaonyesha wenzake, maana kupiga mpira usio wako ni mikwaju 2. Badilishaneni kadi. Kisha pigeni.

Mpira uliopotea ndio unaokula siku

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo muda mwingi unapomwagika.

Tangu mwaka 2019 muda wa kutafuta mpira ni dakika 3. Zamani zilikuwa 5. Zinaanza kuhesabiwa pale wewe au kedi (mbeba mikoba) wako anapoanza kutafuta. Zikiisha mpira umepotea, hata ukiuona sekunde moja baadaye, na inabidi urudi ulikopigia kwa adhabu ya mkwaju 1. Sasa fikiria mtu anayetembea yadi 220, anatafuta dakika 3, anarudi yadi 220, anapiga, halafu anatembea tena. Hiyo ni robo saa, na wa nyuma wamesimama.

Kwa hiyo ukiona mpira umeelekea kichakani au kwenye vigingi vyeupe vya mpaka, piga wa akiba, yaani mpira wa pili utakaotumika wa kwanza usipopatikana, kabla hujasogea. Sema waziwazi, mbele ya wenzako, kwamba huo ni wa akiba. Ukipiga kimyakimya, kanuni inauhesabu kuwa ndio mpira wako wa mchezo, na ule wa kwanza umekufa hata ukiukuta katikati ya feawei. Ila kama inajulikana kwamba mpira umeingia eneo la adhabu, la vigingi vyekundu au vya njano, wa akiba hauruhusiwi. Unafuata utaratibu wa eneo hilo. Kwenye vyekundu, kwa adhabu ya mkwaju 1, unaweza kudondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili toka pale mpira ulipovukia mstari, si karibu zaidi na shimo. Mpira unadondoshwa toka usawa wa goti.

Kamati nayo ina nyenzo nzuri ambayo klabu nyingi zimeiacha kabatini. Ni kanuni ya ndani inayomruhusu aliyepoteza mpira, au aliyetoka nje ya mipaka, asirudi nyuma. Anakadiria mahali mpira ulipopotelea au ulipovukia mpaka, anatafuta pembeni mwa feawei iliyo jirani bila kusogea karibu na shimo, na anadondosha hapo kwa adhabu ya mikwaju 2. Aliyekwisha kupiga wa akiba haruhusiwi kuitumia. Haikutungwa kwa mashindano ya ngazi ya juu, lakini kwa mashindano ya klabu na ya wafadhili ni mkombozi. Ibandike ubaoni kabla ya siku, kwa Kiswahili na Kiingereza.

Wanyama wetu

Viwanja vyetu vina wenyeji wao, na ubishi juu yao hula dakika nyingi. Tumbili au kunguru akiuchukua mpira uliokwisha kusimama, na mmeona au mna hakika, unarudisha mpira pale ulipokuwa bila adhabu. Kama alichukua ule uliopotea machoni na hamna hakika, ni mpira uliopotea. Mpira unaokwenda ukimgonga mnyama, kwa kawaida cheza ulipoishia. Nyuki, nyoka wa sumu au siafu wakifanya mahali pawe pa hatari, una haki ya kusogea bila adhabu. Shimo la fuko vilevile. Jinja, Uganda, walikwenda mbali zaidi: klabu ya huko inajulikana duniani kwa kanuni yake ya ndani ya kumpa nafuu mtu ambaye mpira wake umelala kwenye unyayo wa kiboko. Kila klabu ikiandika kanuni za aina hii kwa kilichopo kwake, marefa watapumzika.

Nafasi yako ni nyuma ya kikundi cha mbele

Usigeuke kuangalia kama wa nyuma wanakusubiri. Angalia mbele. Ukifika tii ya pa 4 na griini yake iko tupu, mmeshachelewa.

Kanuni zinashauri mkwaju upigwe ndani ya sekunde 40 tangu zamu yako ifike na hakuna kinachokuzuia, na kwa kawaida uwe mwepesi kuliko hapo. Sekunde chache zinaonekana si kitu, lakini zipige hesabu. Watu wanne wanaopiga mikwaju 90 kila mmoja wanapiga 360. Kila mkwaju ukiongezewa sekunde 10, ni sekunde 3,600. Umewaongezea saa nzima bila mtu yeyote kuona nani amechelewesha.

Basi pigeni kwa utayari. Kwenye mashindano ya kuhesabu mikwaju au pointi, kumsubiri aliye mbali zaidi si lazima ilimradi hakuna hatari. Aliye tayari apige. Mwenye draivu (mkwaju wa kwanza toka tii) fupi aanze. Soma mstari wa puti yako mwenzako akijiandaa. Mikoba iwekwe upande wa kutokea kuelekea tii inayofuata, na alama ziandikwe huko tii, kamwe zisiandikwe juu ya griini.

Kanuni ikiwatia shaka, msimsubiri refa aje kutoka shimo la 14. Cheza mipira miwili: kabla ya kupiga, sema ni upi unataka uhesabiwe, maliza shimo kwa yote miwili, kisha ieleze kamati kabla hujarudisha kadi, hata kama alama zimelingana. Usipoeleza, unaondolewa.

Makedi kwanza

Dakika 15 za kuzungumza na makedi asubuhi zinaokoa muda kuliko waangalizi sita wenye vigari. Kedi ndiye anayeona mpira ulipoangukia. Ndiye anayeweza kusema, "Mzee, piga wa akiba," na mzee akasikia. Waeleze kwa Kiswahili kilichonyooka: mmoja wa kila kikundi atangulie mbele kuangalia mipira; saa ya dakika 3 waishike wao; bunka (mashimo ya mchanga) wasawazishe kwa reki huku mchezaji akielekea griini. Griini, kedi anaruhusiwa kuweka alama na kuinua mpira wa mchezaji wake bila kusubiri kuambiwa. Haruhusiwi kumdondoshea mpira, wala kusimama nyuma yake kwenye mstari wa shabaha wakati anajipanga, na kosa la kedi ni adhabu ya mchezaji. Kisha mpe kila mmoja maji na uji kabla hajaingia uwanjani. Nalisisitiza hili kila mwaka kwenye bajeti na sitaacha.

Adhabu bila kutazama sura

Kamati iandike mapema muda unaotarajiwa kwa kila shimo na kwa raundi nzima. Kikundi kilichoachwa kionywe mara moja kwa heshima, kisha kipimwe kwa saa. Kuchelewesha mchezo bila sababu ni mkwaju 1, kosa la pili ni mikwaju 2, la tatu kuondolewa. Ukimwadhibu kijana wa handikapu 24 ukamwacha mkurugenzi aliyeleta mabango, mwakani hakuna atakayekusikiliza.

Kadi

Meza ya kadi iwe kivulini, karibu na griini ya 18, na kalamu zake zijaribiwe asubuhi. Mchezaji na mweka alama wake (mwenzake anayemwandikia kadi) wapitie shimo kwa shimo, wote wawili watie sahihi. Alama ndogo kuliko halisi kwa kawaida inamwondoa mchezaji. Kubwa kuliko halisi inabaki ilivyoandikwa. Sahihi ikikosekana ni kuondolewa, isipokuwa kamati imetangaza kanuni ya ndani inayoigeuza kuwa mikwaju 2. Kupiga hesabu za handikapu na jumla ni kazi ya kamati, na tangu 2023 mchezaji halazimiki hata kuandika handikapu yake kwenye kadi. Kadi ikishapokelewa mezani, haibadilishwi na mtu, na anayeipokea aandike saa kwenye kona ya juu. Saa hizo zikusanye jioni, kikundi kwa kikundi. Ndizo utakazozitumia kupanga ratiba ya mashindano yajayo.